Waya wa Tairi

Mwalimu Wamono alipasua tairi kuukuu la lori
uani kwa fundi wa kuchomelea, Barabara ya Kumi, Mbale,
akauvuta waya uliojificha ndani ya mpira
kama mtu anayechomoa uzi wa nyama katikati ya meno.
Tulimtazama sisi wanne, wageni wa chuo,
mikono mifukoni, viatu vya darasani.

"Kiswahili yangu ni ya kambini," alisema.
"Baba alikuwa koplo. Nilijua *lala chini*
kabla ya kujua *karibu*."
Basi akatufunza kapoeira kwa lugha hiyohiyo:
Lala chini! Amka! Wewe naogopa mguu?
Mguu ni upepo. Pisha upepo.
Alipoishiwa na maneno alichukua ya Kireno,
yale aliyorudi nayo kutoka Salvador
pamoja na mikono iliyobabuka kwa kuosha sufuria za watu.
*Ginga*, alisema, *ginga*,
nasi tukayumba
kama waliobanduka sasa hivi kwenye mtungi wa malwa.

Kila mmoja alipewa jina.
Bizimana wa Bujumbura akawa Ngamia, kwa magoti yake.
Mapendo wa Bukavu, Kisulisuli.
Chepkemoi alikataa majina matatu, la nne akalinyamazia.
Mimi nikaitwa Samahani,
maana kila teke nililorusha
nililisindikiza na neno hilo,
hata lilipopiga hewa.

Baba alipiga simu kutoka Nzega.
"Ada niliyolipa ni ya famasia," alisema,
"si ya kutembea kichwa chini."
Nilifeli kemia ya dawa muhula ule.
Nikisema haikuwa kwa sababu ya duara, nitakuwa mwongo.
Nikisema ilikuwa, pia.

Siku aliyofunga kibuyu kwenye upinde
akagonga waya kwa kijiti,
sarafu ya mia tano ikibana na kuachia,
nilinusa chumba cha mjomba Maganga:
mbegu za pamba, mafuta ya taa, vumbi la darini.
"Hii kwetu ni ndono," nikasema.
Kijiti kikasimama.
"Nani alifundisha wewe?"
Hakuna. Ilining'inia ukutani tu.
Tulitundika kofia juu yake.
Hakucheka, wala hakunipa pole.
Akanishikisha upinde,
nikaudondosha mguuni pake.
Samahani, nikasema, na hiyo moja ilikuwa ya kweli.

Mvua zilishuka kutoka Wanale,
ua ukawa tope na chembe za chuma.
Tulijifunza kuanguka kwanza:
kiganja, kiwiko, bega, halafu kucheka.
Nyuma ya uzio kadodi zilipita na kijana wa kutahiriwa,
uso umepakwa unga, macho mbele tu,
na Mwalimu akasimamisha duara mpaka kelele zilipokwisha.
"Yule," alisema, "haruhusiwi kukwepa.
Nyinyi kazi yenu ni kukwepa. Endelea."

Duara la mwisho, Ngamia alinipasua mdomo.
Nilinyamaza.
Nikazunguka kwa mkono mmoja, nikarudi na kisigino,
kikapita unywele mmoja mbali na sikio lake.
"Samahani amekufa!" akapiga kelele Kisulisuli,
na watu wakapiga makofi nje ya mdundo.

Mutukula, dirisha la forodha, saa kumi na moja alfajiri.
Upinde mgongoni, kibuyu kimefungwa kwenye koti la maabara.
"Hiki nini? Silaha?"
"Ndono."
"Ulienda kusoma ndono?"
"Famasia."
Alinitazama, akatazama mdomo wangu wenye kovu.
"Haya, piga tuone."
Sikuwa na sarafu. Za Uganda zote
nilimwachia mbadilisha fedha upande wa pili.
Ofisa akapekua mfukoni, akanipa yake.
Nikapiga. Mara tatu, labda nne.
Foleni nyuma yangu ikaacha kulalamika.
Mguu wa kushoto ukarudi nyuma wenyewe.

Akanyoosha kiganja.
Nikadhani anataka pasipoti.
Alitaka sarafu yake.